Mpole, Sehemu ya Tisa: Kiatu cha Kushoto

Haya yote nilisimuliwa na mama yake Mpole, mama mkwe mwenyewe, mwaka jana wakati wa baridi, tulipolazwa wodi moja baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Yeye kitanda cha dirishani, mimi kinachofuata, wote tumefungwa bandeji. Siku mbili nzima alisimulia na sikuuona uso wake hata mara moja. Nadhani ndiyo maana aliweza kusimulia.

Wiki iliyopita tulimwacha pale alipopapasa meza ya sebuleni, akaokota miwani ya mkwe wake, akaivaa kwa makosa, akapiga ukelele mpaka kalamu ikamdondoka mwenzake.

Aliyedondosha kalamu ni huyo mkwe wake. Anatoa dawa kwenye duka la dawa, na mtaa mzima unamwita Dokta. Mbele yake palikuwa na barua ya kuacha kazi, ambayo hakuichapa yeye. Aliyeichapa ni mumewe, yule tunayemwita Mpole kwa sababu tangu azaliwe hajapaza sauti.

"Saini, mke wangu, kabla hujaua mtu," alikuwa amemwambia asubuhi, huku anamkanda bega. "Nikirudi saa kumi nitaipeleka mwenyewe, usijisumbue."

Na Dokta alikuwa tayari kusaini. Miezi mitano macho yalikuwa yakimchezea na vitu vikimpotea. Majuzi nusura ampe mama wa mtoto mchanga dawa ya mtu mzima.

Kuna wasomaji mlioniletea ujumbe. "Bibi, mume huyo hapigi, hatukani, kila jioni anarudi na machungwa. Kosa lake liko wapi?" Sikuwajibu. Leo mtajionea wenyewe.

Haya, turudi kwenye ukelele.

"Mama! Umeumia?"

Mama mkwe alisimama katikati ya sebule ameshika ukingo wa meza, anageuza kichwa taratibu kama mtu aliyeamkia nyumba ya wengine.

"Ukuta una ufa," akasema.

"Ufa gani, mama?"

"Pale juu ya mlango. Mwembamba kama unywele. Na lile pazia lina maua! Miaka miwili nilijua ni madoa, nikawa nakusema moyoni kwamba hufui." Akamgeukia mkwe wake, sauti ikashuka. "Mwanangu, umekonda. Umekonda hivi tangu lini?"

"Vua, mama, itakuharibu macho. Hata mimi mwenye nayo leo inanitia kizunguzungu."

"Mimi hainitii kizunguzungu. Mimi inanionyesha."

Hapo mjue jambo moja. Mama mkwe alipimwa macho miaka miwili nyuma. Karatasi ya namba ya miwani alikuwa nayo Mpole, na miwani haikufika mpaka leo. Kila akiuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Vioo viko njiani, mama." Siku moja mama alichoka, akamuuliza, "Vinakuja kwa miguu?" Mpole akacheka, akammenyea chungwa.

Sasa miwani iliyomkaa kama alizaliwa nayo ilifikaje kwenye kasha la mkwe wake?

"Zipo siku unaona vizuri?" akauliza mama.

"Zipo. Siku niliyokwenda kupimwa nilisoma mpaka mstari wa chini kabisa. Daktari akasema macho mazima. Ndipo mume wangu akasema, basi tatizo liko huku." Dokta akagusa paji la uso.

"Na asubuhi miwani unaitoa wapi?"

"Ananipa yeye. Anaifuta kwa kitambaa, ananivalisha. Tangu tuoane." Akatabasamu kidogo. "Wenzangu kazini wananionea wivu."

Mama mkwe hakutabasamu.

"Vaa viatu," akasema. "Twende kwa fundi miwani."

Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika kumi. Hiyo nayo alikuwa akiiona kwa mara ya kwanza.

* * *

Fundi miwani ni mtu mfupi mwenye maneno mengi. Kabla hawajakaa alikuwa ameshaanza.

"Shikamoo mama! Ohoo, hatimaye umeivaa! Miezi mitano najiuliza, huyu mama fremu hakuipenda au vipi?"

Dokta na mama mkwe wakatazamana.

"Aliichukua nani?" mama akauliza.

"Si mwanao, yule mpole! Alisema mama anataka fremu pacha na ya mkwewe. Nikasema maajabu haya. Nyumba nyingine mtu na mkwewe hawatumii hata sufuria moja, hawa wanataka miwani ya sare!"

Akacheka peke yake. Alipoona hakuna anayemsaidia kucheka, akakoma.

"Ipime," akasema Dokta.

Fundi akaiweka kwenye mashine yake, akachungulia, akafungua daftari la wateja, akachungulia tena. Yale maneno mengi yakamkauka.

"Hii ni namba ya mama. Hasa."

"Na yangu?"

"Yako nilikutengenezea mwaka jana, namba ndogo tu. Hii ni mara tatu yake. Dokta, ukivaa hii utakanyaga ngazi isiyokuwepo."

"Nimeikanyaga," akasema Dokta. "Mara mbili."

Fundi akavuta karatasi, akaandika kimyakimya, akagonga muhuri mpaka meza ikatikisika. "Mimi ni mtu wa vioo, mambo ya nyumba za watu siyajui. Ila hapa nimeandika kwamba macho yako ni mazima, na miwani uliyokuwa ukivaa si yako. Itunze hii. Usimpe mtu akutunzie."

* * *

Njiani Dokta alianza kumtetea mumewe, kama wengi wenu mlivyomtetea kwa simu zenu.

"Labda alichanganya makasha, mama. Yanafanana."

"Labda."

"Hajawahi kunipiga."

"Najua."

"Hata kunifokea. Simu yangu anaishika yeye kwa sababu mwanga wake unaniumiza macho. Ujumbe ananisomea. Dada alipokasirika akaacha kuja, ni yeye aliyenibembeleza usiku mzima. Mimi ndiye sifai. Nilipopandishwa cheo nikaanza kuharibu. Ufunguo umepotea, cheti changu cha mafunzo kimepotea..."

"Vikipotea, nani anakusaidia kutafuta?"

"Yeye. Anainama mpaka uvunguni."

"Anasemaje?"

"Anasema, 'Pole mke wangu, tutakipata.'"

Mama mkwe akasimama katikati ya njia. Mtu wa baiskeli akampigia kengele, akamkwepa, akamtupia maneno. Hakusikia. Aliniambia kwamba wakati ule alimsikia marehemu mumewe akiongea nyuma ya sikio lake, sauti ile ile, taratibu ile ile.

"Baba yake naye hakunipiga," akasema. "Alikuwa ananitafutia kiatu."

"Kiatu?"

"Kila nikitaka kwenda kwetu kuwaona wazazi, kiatu kimoja kinapotea. Kimoja tu, cha kushoto. Na yeye ndiye wa kwanza kuwasha tochi na kuingia uvunguni. 'Pole mke wangu, tutakipata.' Tunatafuta, tunatafuta, basi la asubuhi linaondoka. Kesho yake kiatu kiko mlangoni, kimekaa sawasawa na mwenzake. Anacheka, ananikumbatia, ananiambia, 'Kichwa chako hicho, bila mimi ungekuwa wapi?' Nikaamini nina kichwa kibovu. Nikaacha kupanga safari."

Dokta alikuwa amemshika mkono.

"Mama yangu alipofariki kilipotea tena. Hicho hakikurudi."

"Hukwenda kumzika?"

"Sikwenda." Mama mkwe akaanza kutembea tena, haraka kuliko mwanzo. "Miaka arobaini na mbili najiuliza swali moja, mwanangu. Kwa nini sikwenda pekupeku?"

Wakatembea mpaka kona ya nyumbani.

"Na mumeo naye, akiwa mtoto, alikuwa akitafuta nasi," akasema mama. "Ana miaka sita, anarukaruka, anacheka. Nikasema mtoto anapenda mchezo. Sasa ndiyo nakumbuka. Alitafuta kila mahali, ila kwenye redio ya baba yake hakusogea hata siku moja."

* * *

Redio hiyo nimewahi kuitaja, ile ya mbao iliyo pembeni ya sebule, kubwa kama kabati la vyombo. Tangu marehemu afe haijasema neno. Haifutwi vumbi na mtu ila Mpole. "Msiiguse," husema, "ndiyo kumbukumbu ya baba."

Saa tisa na nusu Dokta alikuwa amepiga magoti nyuma yake na kisu cha jikoni. Skrubu nne. Zilitoka laini, kama zilizozoea kufunguliwa.

Ubao ukaanguka. Ndani hamkuwa na mashine. Ilikuwa tupu kama sanduku.

Juu kabisa kulikuwa na kasha la miwani. Dokta akaivaa iliyokuwemo, na herufi za ile barua mezani zikasimama wima kutoka mbali. Chini ya kasha, ufunguo wake wa mlango wa mbele. Chini ya ufunguo, cheti chake, kimekunjwa vizuri. Chini ya cheti, kadi aliyotumiwa na dada yake, bahasha imefunguliwa: *Nimehama, anwani yangu mpya hii hapa, mbona hujibu simu?*

"Kumbe dada hakukasirika," akasema Dokta. Ilikuwa sauti ya mtoto.

"Sogea," akasema mama mkwe.

Akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa pembe za chini. Akasimama hapo hapo, mkono ndani, macho yamefungwa. Alikitambua kwa vidole kabla hajakitoa.

Kiatu cha ngozi, cha kike, kimekauka kikapasuka. Kifungo kimeota kutu. Cha kushoto.

Hakulia. Alikipuliza vumbi tu, akakishikilia kifuani, kama unavyomcheulisha mtoto.

Huko nje geti likalia.

Saa kumi kasoro dakika tano. Amewahi!

Wakarudisha ubao haraka. Dokta akatia kila kitu kwenye mkoba wake, kiatu kikaingia chini ya shali ya mama. Mama mkwe akavua miwani, akaificha mfukoni. Ufa ukapotea, maua ya pazia yakarudi kuwa madoa. Alikwenda kukaa gizani kwa hiari yake, ili mwanawe asijue kwamba anaona.

* * *

"Wapenzi wangu!" akasema Mpole, mfuko wa machungwa mkononi. Akambusu mama kichwani. Akaitazama barua. "Bado, mke wangu? Nikushike mkono?"

"Sisaini."

"Umechoka. Kalete maji, mama, mkweo amechoka."

"Sisaini," akasema Dokta mara ya pili. "Miwani yangu ilikuwa ndani ya redio."

Mpole akaweka machungwa chini. Hakushtuka. Alikaa kwenye kiti, akashusha pumzi ndefu, macho yakamjaa machozi. Wasomaji wangu, machozi kabisa!

"Basi nimeshindwa kuficha," akasema. "Mama, nisamehe." Akamgeukia mkewe. "Ni mama. Miezi mitano namwona. Anachukua vitu, anavificha mle, kisha hakumbuki. Ni uzee. Fremu kama yako aliitaka yeye, halafu anachanganya makasha. Mimi nilinyamaza ili usije ukamchukia mama yangu. Nilikuwa nawalinda wote wawili."



Dokta akamtazama mama mkwe. Na mimi siwafichi: kwa muda wa pumzi tatu alimwamini mumewe. Mama mkwe aliniambia hivyo kitandani kwake, na akaongeza neno ambalo mpaka leo linanisumbua. "Shoga yangu," alisema, "hata mimi nilimwamini. Nilikaa pale nikajiuliza, au kweli ni mimi?"

Mpole akaona wanayumba, akasogeza kiti.

"Tusimlaumu. Saini tu, ukae nyumbani umwangalie, anakuhitaji. Anatia huruma, jamani. Miwani, ufunguo, cheti chako, hata kile kiatu chake cha zamani, vyote kavisokomeza mle..."

"Kiatu gani, baba?"

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Ndogo tu.

Mpole akamgeukia.

"Mkeo ametaja miwani," akasema mama. "Hakutaja ufunguo. Hakutaja cheti. Na kiatu hakikutajwa na mtu. Kiatu gani?"

"Hicho... kile cha..."

Mama mkwe akatoa kiatu chini ya shali, akakiweka juu ya barua. Kutu ikaacha doa kwenye karatasi nyeupe. Kisha akatoa miwani mfukoni, akaivaa, na kwa mara ya kwanza kwa miaka miwili akamwona mwanawe sawasawa. Aliniambia hicho ndicho kilichomtisha zaidi ya yote. Uso ulikuwa wa mwanawe. Tabasamu lilikuwa la marehemu.

"Miaka arobaini na mbili sijui kilipo," akasema. "Wewe ulijua."

Tabasamu likafutika polepole. Na Mpole alipojibu, hakujibu kama mtu mzima.

"Baba alisema ni mchezo. Alisema tukiucheza vizuri, mama haondoki." Akamtazama. "Na hukuondoka."

Wewe ungemjibu nini?

Mpole akainuka. Akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni. Hakubamiza kitu. Akarudi, akamshika Dokta mkono juu ya kiwiko, vidole vitano, taratibu, vikaanza kukaza.

"Na wewe huondoki, mke wangu. Nakupenda. Ukitoka hapo nitajifanyia kitu kibaya, na watu watajua ni kwa ajili yako."

"Unaniumiza."

"Sijakuumiza. Unasahau tena. Mimi huwa sikuumizi."

"Unaniumiza," akasema Dokta. "Leo naona."

Mama mkwe akajiingiza katikati yao, na ufupi wake wote, akauweka mkono wake juu ya vidole vya mwanawe. "Shika mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyekulea ukitazama ya baba yako. Kama ni kujidhuru, sasa hivi napita kwa baba yako mdogo, aje akae na wewe mpaka kesho. Hilo ni letu sisi tuliokuzaa. Huyu hatalibeba."

Vidole vikalegea. Kidogo tu, ila vikatosha.

Dokta alikwenda mlangoni. Mpole hakumfuata, alijua umefungwa. Akasubiri ageuke.

Dokta akatia mkono kwenye mkoba, akatoa ufunguo wake uliopotea miezi mitatu, akafungua.

* * *

Dada yake Dokta ni mwoka mikate. Anaamka saa tisa alfajiri, na jua likianza kushuka tu yeye anakunjua shuka. Baada ya kupita kwa baba mdogo kama mama mkwe alivyosema, walimkuta amekaa kizingitini anaosha miguu, mikono myeupe kwa unga mpaka viwikoni.

Alipomwona mdogo wake hakuinuka.

"Umefuata nini? Si uliniandikia nisikanyage kwako? Ukasema nanuka hamira?"

"Mimi? Dada, mimi simu sijaishika miezi minne sasa."

Dada akamtazama. Akautazama mkono wake juu ya kiwiko, alama tano zimeanza kuwa nyekundu. Akamtazama bibi mwenye miwani amesimama nyuma, amekumbatia kiatu kimoja kama mtoto wa paka. Akainuka na maji yakamwagika.

"Ingieni," akasema. "Huyo bwana mpole akija hapa, nitamkanda kama unga wa mikate mia mbili."

Ndipo Dokta akacheka. Akacheka mpaka akaketi chini, na kicheko kikageuka kilio, na dada akakaa pembeni yake akamkumbatia, unga ukamjaa mgongoni.

Walikula mkate na chai. Wakapanga. Asubuhi dada ataomba ruhusa. Kwanza polisi, waione alama na wasome karatasi ya fundi. Kisha duka la dawa saa mbili kamili, Dokta amweleze bosi wake kwa mdomo wake mwenyewe, akiwa na macho yake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa bado ipo. Ndicho kitu kimoja alichokitaka kuliko vyote, na hakuna aliyekuwa amekichukua.

Dada akatandika magodoro mawili sakafuni. Dirishani bado palikuwa na mwanga wa rangi ya machungwa. Simu ya dada ikalia.

Akasoma. Akasoma tena kimya, midomo ikitembea.

"Anasemaje?" akauliza Dokta.

"Usisome."

"Nitasoma mwenyewe, dada. Nimechoka kusomewa."

Akaichukua simu, akasoma. *Shemeji, pole na wageni. Mwambie mke wangu kiatu chake kimoja kimepotea. Asihangaike. Aje nyumbani, tutakitafuta pamoja.*

Dada alinyakua koleo lake refu la kuingizia mikate tanurini, akafungua mlango. Kibarazani hapakuwa na mtu. Viatu vya dada vilikuwepo viwili. Vya mama mkwe, viwili. Cha Dokta kilikuwepo kimoja.

Cha kulia.

Mpole alikuwa amemponyoka baba mdogo, akasimama pale pale, nje ya mlango, wakati wao wanapanga.

Dada akaviingiza ndani viatu vilivyobaki, akafunga komeo la juu na la chini, akaburuta meza ya kukandia, akaiegemeza. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye godoro, uso umekwisha rangi.

"Ndiyo hivyo," akanong'ona. "Ndiyo hivyo hivyo. Sasa mkwe wangu atakaa nyumbani."

"Nitakupa vyangu," akasema dada.

"Vyako nitaogelea. Mguu wako ni mkate mzima." Dokta alikuwa hacheki. Alikwenda dirishani, akakitupa kile kiatu cha kulia nje, kikalia kwenye mabati ya jirani. Akarudi, akapiga magoti mbele ya mama mkwe. "Mama, nisikilize. Kesho naingia kazini pekupeku. Bosi ananiona, wateja wananiona. Nikiulizwa kiatu kiko wapi, nitajibu."

Mama mkwe akauweka uso kwenye viganja. Mabega yakatikisika muda mrefu. Alipoutoa alisema neno moja tu.

"Twende wote."

Naye akavichukua vya kwake, vyote viwili, akavisukuma chini ya meza.

Dada alilala kwanza, kama kawaida ya watu wa tanuri, kama gunia lililotuliwa. Kisha Dokta, miwani yake ndani ya ngumi. Miezi mitano hakuwa amelala kabla ya mumewe.

Akabaki mama mkwe, chali, miwani usoni. Alitaka kuiona dari ya mtu mwingine. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo dirishani. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo walivyovitoa nyumbani. Miwani ipo. Ufunguo upo. Cheti kipo. Kadi ya dada ipo. Karatasi ya fundi ipo. Kiatu kiko hapa kifuani.

Barua.

Barua ilibaki mezani. Na aliyekuwa akijaza fomu zote za Dokta tangu macho yaanze kumchezea, na kumsainia akimwambia "usijisumbue", ni Mpole. Sahihi ya mkewe anaiweka vizuri kuliko mkewe. Duka la dawa linafunguliwa saa moja. Wao watafika saa mbili.

Akafungua mdomo amwamshe Dokta. Akamtazama anavyohema, ule uso uliokonda, umetulia kwa mara ya kwanza. Akasema moyoni, nimwache kidogo, kidogo tu, nitamwamsha sasa hivi.

"Nikajipa dakika tano," aliniambia.

Usingizi ukamchukua kwenye dakika ya pili, miwani usoni, miguu mitupu.